Akina mama wa Freedom Corner, 1992: kisa na vifungu vilivyotokana nacho

Tarehe 28 Februari 1992 kundi la akina mama liliingia katika ofisi ya Mkuu wa Sheria wa Kenya, Amos Wako, jijini Nairobi, wakiandamana na Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira. Wengi walikuwa watu wazima waliotoka mashambani, na hawakuja kuomba chakula wala ardhi. Walikuja kudai watu 52 waliokuwa wamefungwa kwa sababu za kisiasa, wengi wao wakiwa watoto wao wa kuwazaa. Miezi miwili na ushei iliyotangulia, Desemba 1991, Bunge lilikuwa limefuta Kifungu cha 2A cha Katiba, kile kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria tangu 1982. Basi hoja ya akina mama ilikuwa rahisi, na serikali haikuweza kuijibu bila kigugumizi: ikiwa kuipinga KANU, chama tawala, si kosa tena, mbona walioipinga bado wako ndani?

Wako aliwasikiliza, akawaambia warudi nyumbani, serikali italitazama jambo lao. Wakamwambia kwamba watawangojea watoto Uhuru Park, na hawatakula. Wakaenda wakaketi kwenye pembe ya bustani hiyo, pale Uhuru Highway inapokutana na Kenyatta Avenue. Ndiyo pembe ambayo leo Nairobi nzima inaiita Freedom Corner.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama sura mojawapo ya maisha ya Maathai, kikaanza na mgomo wa kula, kikapitia rungu la polisi, kikaishia kwenye tuzo ya Nobel ya 2004. Hapa nakichukua kwa upande mwingine. Kila Saba Saba ikikaribia (7 Julai, kumbukumbu ya mkutano wa upinzani ulioharamishwa 1990), na sasa kila 27 Agosti, siku Katiba ya 2010 ilipotangazwa, huzuka swali lilelile: kuna haja gani ya raia kuadhimisha haki zao za kikatiba, ilhali zimeandikwa na anayezitaka anaweza kuzisoma? Sijui jibu zuri kuliko yaliyotokea kwenye pembe ile, kabla ya siku zile na baada yake.

Yaliyotokea kwenye nyasi

Mwanzoni walikuwa wachache, wamejifunika blanketi. Kadiri siku zilivyosonga watu walizidi kufika, wengine wakiketi nao tu kimya, wengine wakiimba nyimbo za dini. Halafu likatokea jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa zito kuliko hata mgomo wenyewe. Watu waliopitia vyumba vya mateso, waliokuwa wamefunga midomo kwa miaka, walianza kusimama mbele ya umati na kueleza waliyofanyiwa.

Anayeijua Nairobi ataelewa uzito wake. Kwenye makutano yaleyale, ng'ambo ya barabara, limesimama jengo la Nyayo House. Orofa za juu ni ofisi za serikali, watu wanapanga foleni kutafuta pasipoti. Chini kabisa kulikuwa na seli ambazo katikati na mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wa msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, washukiwa walifungiwa gizani, wakapigwa, wakaachwa ndani ya maji. Kwa hiyo waliosimulia mateso yao Uhuru Park walikuwa wakisimulia huku wakilitazama jengo walimoteswa. Sidhani kama kuna mahakama yoyote nchini wakati huo ambayo ingewaruhusu kusema hivyo kwa uwazi namna ile.

Tarehe 3 Machi serikali ilichoka. Polisi walivamia kwa vitoa machozi na marungu. Maathai alipigwa hadi akapoteza fahamu, akapelekwa hospitalini. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya askari. Msomaji wa nje anaweza kuliona tendo hilo kama kuchanganyikiwa, lakini askari wale hawakuhitaji kufafanuliwa: katika jamii nyingi za Kenya, mama aliyefikia umri wa mamako akikuonyesha uchi wake kwa hasira, amekulaani. Mwanamke asiye na bunduki, wakili wala kiti Bungeni alikuwa ametumia silaha ya mwisho aliyobakiwa nayo.

Siku iliyofuata bustani ilikuwa imezingirwa na polisi wenye silaha. Akina mama wakahamia All Saints, kanisa kuu la Kianglikana lililo jirani, wakapewa hifadhi chini ya kanisa. Wakakaa huko karibu mwaka mzima. Wafungwa wakaachiliwa kwa mafungu, na kufikia mwanzoni mwa 1993 wote 52 walikuwa nje isipokuwa mmoja. Koigi wa Wamwere, mwanasiasa aliyekamatwa 1990 na kushtakiwa kwa uhaini, alitoka Januari 1993. Mama yake alikuwa mmoja wa waliokesha kanisani.

Kwa kipimo cha kawaida, akina mama walishinda. Lakini ushindi wenyewe una kasoro moja inayonikera kila ninapousoma, nayo ndiyo sababu ya uchambuzi huu. Hakuna mahakama iliyosema walikuwa na haki ya kuketi pale. Hakuna afisa aliyeshtakiwa kwa kuwapiga. Wafungwa walitoka kama watu waliosamehewa.

Haki zilikuwepo, zikiwa zimelala

Kosa linalofanywa na wengi, hata walimu wa historia, ni kudhani kwamba kabla ya 2010 Wakenya hawakuwa na haki katika katiba. Walikuwa nazo. Sura ya Tano ya Katiba ya zamani ilikuwa na kifungu cha 74 kilichokataza mateso, cha 79 kilicholinda uhuru wa kujieleza na cha 80 kilicholinda uhuru wa kukutana na kujumuika. Mtu aliyekuwa ndani ya maji chini ya Nyayo House alikuwa, kwenye karatasi, analindwa na kifungu cha 74. Akina mama, kwenye karatasi, walilindwa na cha 80.

Na kulikuwa na kifungu cha 84, kilichosema kwamba anayeona haki yake imevunjwa aende Mahakama Kuu. Hapo ndipo penye utamu wa kisheria, utamu mchungu. Wakili Gibson Kamau Kuria aliwekwa kizuizini mwaka 1987 alipokuwa akiwatetea watu waliodai kuteswa. Alipotoka, akiwa amenyang'anywa pasipoti, akaenda mahakamani kwa kifungu cha 84. Mahakama Kuu ikamwambia haiwezi kumsikiliza, kwa kuwa kifungu hicho kinamtaka Jaji Mkuu atunge kanuni za utaratibu, na Jaji Mkuu hajatunga. Katika kesi ya Maina Mbacha ya mwaka 1989 mahakama ikashikilia msimamo uleule. Kwa maneno mengine, kila haki iliyoandikwa katika Sura ya Tano ilikuwa na mlango mmoja tu wa kuifikia, na mlango huo ulifungwa kwa sababu mtu mwenye ufunguo hakuwa ameuchonga. Hakuna aliyefuta haki hata moja. Hakukuwa na haja ya kuzifuta.

Mwaka huohuo wa 1989, bustani ileile ya Uhuru Park ilikuwa na kesi yake. Chama tawala kilitaka kujenga hapo jumba la orofa 60 kwa ajili ya gazeti lake na ofisi zake. Wangari Maathai akaenda mahakamani kuzuia ujenzi. Jaji akatupa kesi yake nje: mama huyu si mwenye ardhi, hajaonyesha ameumia vipi yeye binafsi kuliko mtu mwingine, kwa hiyo hana mamlaka ya kushtaki. Bustani ilikuja kuokolewa na kelele za watu na kujitoa kwa wafadhili wa nje, si na sheria.

Ukiyaweka matukio haya pamoja, unaelewa kwa nini mwaka 1992 akina mama hawakufungua kesi. Walikuwa wameishi katika nchi ambamo mahakama ilikuwa imekwisha kutamka, kwa maandishi, kwamba haki zipo ila hazidaiki. Mwaka 1988 Bunge lilikuwa pia limewaondolea majaji ulinzi wa kazi yao, na polisi wakaruhusiwa kumshikilia mshukiwa wa kosa la kunyongwa hadi siku 14 kabla ya kumpeleka mahakamani. Kuketi kwenye nyasi bila kula ndiyo ilikuwa mahakama iliyobaki.

Kusoma katiba kama mwili wenye makovu

Sasa ichukue Katiba ya 2010, Sura ya Nne, uisome ukiwa na kisa hiki kichwani. Ghafla vifungu vinavyoonekana vya kawaida, hata vya kuchosha, vinaanza kuongea.

Kifungu cha 22 kinampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani haki inapovunjwa au kutishiwa, kwa niaba yake, ya mtu asiyeweza kujitetea, au kwa masilahi ya umma. Kinamwagiza Jaji Mkuu atunge kanuni. Halafu kinaongeza sentensi ambayo mgeni angeiona haina maana: kutokuwepo kwa kanuni hizo hakumzuii mtu yeyote kuanzisha kesi. Nani anaandika sentensi kama hiyo katika katiba? Anayeiandika ni mtu anayekumbuka kesi ya Kamau Kuria. Ni kovu. Kilipotokea kidonda, hapo ndipo ngozi ilipoota ngumu.

Kifungu hichohicho kinasema pia kwamba kesi ya haki isitozwe ada ya kuifungua, na kwamba mahakama ikilazimika ianze kusikiliza hata kwa maombi yasiyofuata utaratibu rasmi. Kifungu cha 70, kuhusu mazingira, kilicho katika sura inayofuata, kinaeleza wazi kwamba mlalamishi hatakiwi kuthibitisha kwamba yeye au mtu mwingine amepata hasara. Hilo ni jibu la moja kwa moja kwa jaji wa 1989 aliyemwuliza Maathai ameumia wapi. Kifungu cha 25 kinataja haki nne zisizoweza kuwekewa mpaka kwa sababu yoyote, na ya kwanza ni kutoteswa. Anayetaka kujua kwa nini ashuke chini ya Nyayo House. Kifungu cha 49 kinamtaka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata, bila kubagua kosa la kunyongwa na mengineyo. Zile siku 14 zimezikwa hapo.

Na kipo cha 37. Kila mtu ana haki, kwa amani na bila silaha, ya kukusanyika, kuandamana, kukita kambi ya malalamiko na kuwasilisha madai kwa wakuu wa serikali. Hesabu matendo hayo manne kisha urudi 28 Februari 1992. Akina mama walipeleka madai kwa Mkuu wa Sheria, wakakusanyika, wakakita kambi, na walipofukuzwa wakatembea pamoja hadi kanisani. Sidai kwamba walioandika kifungu hicho waliwafikiria wao peke yao. Maneno yanayofanana nayo yamo katika katiba nyingine duniani. Ila kwa Kenya, wale wanawake walikuwa wamekitekeleza kifungu kizima miaka 18 kabla hakijaandikwa.

Hili ndilo jibu langu la msingi. Raia huadhimisha haki zake kwa sababu sheria haiji na maelezo ya kwa nini iliandikwa. Kifungu kinabaki, sababu yake inakufa na wazee. Sababu ikishakufa, kifungu kinaanza kuonekana cha ziada, kisha kikwazo, kisha anasa ambayo nchi yenye matatizo haiwezi kuimudu. Anayekijua kisa atashtuka mapema. Asiyekijua atashtuka mlango ukishafungwa.

Mfano wa kusahau: neno kibali

Kuna ushahidi wa karibu wa jinsi kusahau kunavyofanya kazi. Ukisikiliza mahojiano ya siku ya maandamano yoyote Kenya, utasikia mtu akisema waandamanaji hawana kibali. Husemwa na maafisa wa polisi, wanasiasa, watangazaji, na mara nyingine hata na waandamanaji wanaolalamika kwamba waliomba kibali wakanyimwa.

Zamani kibali kilihitajika kweli. Chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, urithi wa mkoloni, mkutano wa hadhara bila leseni ulikuwa kosa, na ndivyo Saba Saba ya 7 Julai 1990 pale Kamukunji ilivyoharamishwa. Kenneth Matiba na Charles Rubia, walioitisha mkutano huo, walikamatwa siku chache kabla na kuwekwa kizuizini pamoja na Raila Odinga. Lakini mwaka 1997, katika mageuzi yaliyotangulia uchaguzi, sheria hiyo ilirekebishwa. Kinachotakiwa tangu hapo ni kumwarifu mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua tatu na zisizozidi 14 kabla. Kuarifu, si kuomba ruhusa. Polisi akipokea taarifa hiyo kazi yake ni kupanga usalama.

Karibu miaka 30 imepita na bado kinywa cha taifa kinasema kibali. Hakuna hila ya kisheria iliyoturudisha nyuma, kwa kuwa sheria haijabadilika. Tumerudishwa na kusahau tu. Watu wakiamini kwamba haki ni kitu cha kuombwa dirishani, mwenye dirisha hana haja ya kubadilisha katiba ili awanyime. Atalifunga tu, nao watarudi nyumbani wakidhani sheria imefuatwa. Katiba yenyewe, kifungu cha 19, inasema haki hizi ni za kila mtu na hazitolewi na serikali. Ni sentensi fupi, na ningependa ibandikwe kwenye ukuta wa kila kituo cha polisi.

Nani anakumbuka, na anakumbuka nini

Katiba ya 2010 ilitangazwa rasmi 27 Agosti 2010, na Rais Mwai Kibaki alitia saini wapi? Uhuru Park. Waliopigwa 1992 na waliowapiga, wale waliokuwa hai, waliishuhudia siku hiyo kwa pamoja. Thuluthi mbili na zaidi ya wapiga kura walikuwa wameipitisha kwenye kura ya maamuzi ya 4 Agosti. Na kwa kuwa historia haina haya, mmoja wa wageni waheshimiwa kwenye jukwaa alikuwa Omar al-Bashir wa Sudan, aliyekuwa akitafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Katiba iliyojaa haki ilizaliwa ikitazamwa na mtu ambaye kwa mujibu wa wajibu wa Kenya alipaswa kukamatwa. Sherehe, hata ya haki, inaweza kuwa na upofu wake.

Kifungu cha 9 cha Katiba hiyo kinataja siku tatu za kitaifa: Madaraka 1 Juni, Mashujaa 20 Oktoba, Jamhuri 12 Desemba. Ukizichunguza, Madaraka na Jamhuri ni siku za dola kupata mamlaka, moja ya kujitawala, nyingine ya uhuru na jamhuri. Mashujaa ingeweza kuwabeba akina mama wa Freedom Corner, na nadra sana imewabeba. Hakuna siku hata moja iliyotengwa kukumbuka mamlaka hayo yalivyowekewa mipaka na raia. Pengo hilo limejazwa na wananchi wenyewe kwa siku zisizo kwenye orodha: Saba Saba, na tangu 2024, Juni 25, siku vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, wakaingia Bungeni, wengi wakauawa, na kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini.

Mwaka 2025 siku hizo zilionyesha kwa uwazi wa kuumiza kwa nini maadhimisho huogopwa. Juni 25, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza televisheni na redio ziache kurusha maandamano moja kwa moja. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo siku hiyohiyo. Saba Saba, barabara za kuingia katikati ya Nairobi zilifungwa kwa seng'enge na vizuizi vya polisi, wafanyakazi wakageuzwa njiani, na Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu ikahesabu zaidi ya watu 30 waliouawa nchini. Wiki saba baadaye, Agosti, Rais akatangaza kwamba 27 Agosti kila mwaka itakuwa Siku ya Katiba, iadhimishwe shuleni na katika taasisi za umma, bila kuwa siku ya mapumziko.

Wapo waliocheka. Mimi sikucheka, ingawa nilielewa kicheko. Siku ya Katiba inayotangazwa na serikali si jambo baya lenyewe. Ubaya ni ikiwa itakumbuka maandishi na kuficha makovu. Inawezekana kabisa kuipamba 27 Agosti kwa bendera, hotuba na kwaya za shule, ukakariri utangulizi wote wa Katiba, usiutaje Nyayo House hata mara moja. Maadhimisho ya namna hiyo yanafanya kazi ileile ya kusahau, ila kwa sare nzuri.

Lipo pia lalamiko la wenye maduka, na halipaswi kupuuzwa. Juni 25, 2025, biashara nyingi Nairobi zilivunjwa na kuporwa, na mama mwenye kibanda cha simu hajali sana ni nani aliyelipa wahuni. Anachojua ni kwamba siku ya kukumbuka haki za wengine imemla mtaji. Jibu limo katika kifungu chenyewe: kwa amani na bila silaha. Nguvu ya akina mama wa 1992 ilikuwa kwamba hawakuwa na kitu mkononi cha kuhalalisha rungu, na ndiyo maana kipigo chao kiliigharimu serikali sana. Anayeadhimisha Saba Saba kwa jiwe anamrudishia polisi kisingizio ambacho wale wazee walimnyima. Lakini nasisitiza, kisingizio hakimwondolei polisi wajibu. Mwizi akiingia kwenye umati, dawa ni kumkamata mwizi, si kufunga jiji.

Sanamu moja, ukimya mmoja

Septemba 2015, kwenye pembe hiyohiyo ya Uhuru Park, ulizinduliwa mnara wa kuwakumbuka walioteswa na serikali ya kikoloni wakati wa Mau Mau. Uligharamiwa na Uingereza, kama sehemu ya makubaliano ya 2013 ambayo yaliwalipa wahanga 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Sanamu yake inamwonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, kila mmoja akiangalia upande wake, ili wakikamatwa asiwepo atakayeweza kumtambua mwenzake. Ni kazi nzuri, na inastahili kuwa pale.

Lakini fikiria mpango wa mahali hapo. Mkoloni wa zamani amelipia ukumbusho wa mateso aliyoyatenda, mita chache kutoka walipopigwa akina mama na polisi wa nchi huru, ng'ambo ya barabara kutoka zilipo seli za nchi huru. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Mei 2013, iliandika dhuluma za pande zote mbili, kabla na baada ya 1963. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha Bungeni kwa niaba ya dola, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Ripoti yenyewe imebaki bila kupitishwa na Bunge. Waliopitia Nyayo House walipata fidia kwa njia nyingine: mmoja mmoja na kwa makundi, walikwenda Mahakama Kuu, na kuanzia 2010 mahakama ikawatunuku. Mlango wa kifungu cha 84 ulipofunguka hatimaye, waliokuwa wamesimulia hadithi zao mbele ya umati miaka ya nyuma walikuwa na la kusema ndani. Kumbukumbu iliyotunzwa na wananchi iligeuka kuwa ushahidi.

Hilo wanaodharau maadhimisho hawalioni. Wanadhani mtu anakusanyika kila mwaka ili kulia. Kumbe anatunza faili. Majina, tarehe, mahali, nani alitoa amri, nani alikuwapo. Jamii inayorudia kisa kila mwaka hadharani inafanya kazi ya karani ambayo serikali haitaki kuifanya, na siku mahakama inapokuwa tayari kusikiliza, faili ipo.

Kwa hiyo ningependekeza nini kwa Siku ya Katiba, ikiwa kweli itadumu? Si mabango. Wanafunzi wa sekondari wapewe hukumu mbili: ile ya Kamau Kuria na ile ya Maathai dhidi ya jumba la orofa 60. Wazisome, kisha wasome vifungu vya 22 na 70, na waulizwe kila sentensi ya vifungu hivyo inamjibu nani. Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha. Siku hiyohiyo kwenye chuo cha polisi cha Kiganjo makurutu wasomewe marekebisho ya 1997 ya Sheria ya Utulivu wa Umma, polepole, hasa mahali panaposema taarifa.